Philemon Shikanga na Vichaka Arobaini na Kimoja

Mchungaji, wazee wa ukoo, mama zangu mlioketi chini, majirani wa Matungu na wageni mliotoka mbali, nimesimama kwa niaba ya familia, mimi Jescah Ayuma, mtoto wa nne, na najua historia hii ilipaswa kusomwa na kaka yangu mkubwa Lusweti, lakini Lusweti aliiandika kwa ukurasa mmoja, na ukurasa huo haukuwa na ndege hata mmoja, kwa hiyo mama akaikunja karatasi yake akanipa mimi kalamu.

Marehemu baba yetu Philemon Shikanga alizaliwa tarehe 9 Agosti 1924, hapa hapa Matungu, akiwa mtoto wa kwanza wa wanne, mdogo wake wa mwisho akiwa ni baba mdogo Onesmus aliye pale mbele, na alisoma shule ya misheni tangu 1933 hadi 1937, akafika darasa la nne, akajua kusoma, kuandika na kutunza daftari, na hilo la daftari mlishike.

Mwaka 1941 aliajiriwa na Mzungu mmoja aliyekusanya ndege katika msitu wa Kakamega kwa ajili ya makumbusho ya kwao, na kwa miaka kumi na miwili kazi ya baba ilikuwa kuwanasa, kuwachuna bila kuchana ngozi, kuwapaka dawa na kuwajaza pamba, na sitaficha, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuficha, aliua ndege wengi kuliko paka wote wa Matungu. Huko ndiko alikomjua kurumbiza, yule mwenye utosi mweupe kama aliyemwagiwa unga, uso mweusi na kifua cha rangi ya chungwa, anayekaa chini chini kwenye vichaka vya kando ya maji, akipekua majani makavu kutafuta wadudu, asiyependa kuonekana ila anapenda sana kusikika, maana huiga kila anachokisikia. Mwezi wa Juni 1953 baba alimkuta mmoja mtegoni, na kabla hajamshika, ndege akapiga mluzi uleule ambao baba alizoea kuupiga akizungukia mitego, baba akamwachia, akafungua na mitego mingine yote, akarudi nyumbani kwa miguu.

Tarehe 18 Desemba 1954 alimwoa mama yetu, Roda Awinja, kutoka Khwisero, wakajaliwa watoto sita, wanne tukiwa hai.

Alilima mahindi na wimbi, lakini kila Jumapili baada ya ibada aliingia vichakani na daftari, akaandika kila kichaka chenye kurumbiza, kisiki alichojengea kiota, mayai mawili au matatu, na mwaka ambao ndege wa mvua alimtagia yai lake kiotani, baba akicheka kwamba hata huko kuna wanaolea watoto wa wenyewe. Kufikia 1972 vichaka vilikuwa arobaini na kimoja, vyote kando ya vijito vyetu, na kila kimoja kilichorwa ramani yake.

Kisha ikaja miwa. Kila mtu alitaka mkataba wa kiwanda cha sukari, na baba hakumkataza mtu, ila mwezi wa Machi 1974 alivaa koti la harusi, akachukua daftari lake, akaenda mwenyewe ofisini kwa afisa wa mashamba wa kiwanda kuomba vile vichaka vibaki, afisa akampa chai ya maziwa, akamwambia, "Mzee, hii ni kazi ya maana sana, tuachie wiki moja tu." Baba alifurahi wiki nzima. Hakufikiri, na ni nani kati yetu angefikiri, kwamba anapokaa kurumbiza ndipo penye udongo mzito usiokauka kiangazi, na kwamba mtu anayetafuta mahali pa kuoteshea mbegu ya miwa asingepata kitabu kizuri kuliko kile. Daftari lilirudishwa safi, halikukunjwa hata kona, na trekta zikaanza na kichaka cha kwanza, zikafuata cha pili, kwa mpangilio wake mwenyewe. Baba ndiye aliyewaonyesha njia, na neno hilo alilila na kulilalia kwa miaka minane.

Hakufuta hata mstari. Aliongeza tu: kichaka cha kumi na saba, tarehe 3 Mei 1976, trekta mbili, kiota kilikuwa na makinda.

Ninyi mlicheka, na nawasikia hata sasa, "Huyu mzee anapendanga ndege kuliko watu." Mlicheka vizuri zaidi 1977, kurumbiza alipoiga filimbi ya nyapara Osundwa, wakataji wakaweka panga chini saa tatu asubuhi wakidhani ni saa ya uji, naye Osundwa akazunguka shamba akifoka, "Nani amepiga? Nani amepiga?" na ndege akampigia tena mgongoni. Na mimi nisijifanye malaika, sanduku la bati nililoingia nalo shuleni lilitoka kwenye ekari mbili za miwa za baba huyo huyo, na leo niko chuo kikuu nikishinda midahalo kuhusu mazingira, mbele ya watu wasiojua kichaka hata kimoja kwa namba yake.

Kufikia 1980 kilibaki cha arobaini na moja, hiki chetu cha kijitoni.

Jumamosi tarehe 27 Februari mwaka huu, 1982, baba mdogo Onesmus alichoma miwa yake tayari kwa kukata, upande wa kichaka hakufyeka ukanda wa kuzuia moto, na alipoulizwa akajibu, "Moto haujui mpaka, kaka, si unajua?" Ketini, baba mdogo, nasoma lililosemwa mbele ya watu. Baba aliingia na magunia yaliyoloweshwa, akauzima moto nusu ya kichaka ikiwa bado imesimama, akatolewa akikohoa mavumbi meusi, akalazwa siku kumi na moja, na akafariki Jumatano tarehe 10 Machi, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na saba.

Siku mbili kabla, mbele ya mama, Lusweti na mimi, alitaka azikwe mlangoni mwa kichaka, pale trekta lazima lipite. Mnajua kwetu mwenye mji huzikwa ndani ya mji wake, na anayepelekwa porini ni yule aliyejinyonga, ndiyo maana usiku wa juzi baba mdogo alisema, "Mnamzika kaka yangu kama mbwa?" na mama akamjibu, "Shemeji, aibu hii ni yangu mimi mjane, wewe una miwa ya kukufariji." Baba alijua mtasema hivyo. Alijua pia kwamba hakuna dereva wa Matungu atakayepitisha jembe juu ya kaburi, akachagua kudharauliwa.

Tangu Jumatatu kichakani kuna vigingi vinne vya rangi nyekundu vya kupimia shamba la miwa, kabla hata maiti haijatoka mochari, na Jumanne ijayo ukoo unaketi kuamua shamba. Kaburi limechimbwa asubuhi hii kati ya kigingi cha pili na cha tatu.

Mtaniuliza kama huyo ndege bado yupo. Sijui. Tangu siku ya moto hatujamsikia. Lakini kichaka kitupu kinaweza kupata mwenyeji mwingine, miwa haiwezi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliobeba maji siku ya moto, hasa mama Muhonja aliyeungua mikono, walimu wenzake na dada yetu Teresa, na wakataji waliokuja na panga zao kuchimba kaburi mahali ambapo wazee walikataa kuchimba. Wengine nao tunawashukuru kwa kuja.

Sasa tutateremka kijitoni. Kwaya iimbe kwa nguvu mpaka kwenye mkuyu, kisha inyamaze, tuingie mmoja mmoja, tusikanyage visiki.

Pumzika, baba. Amani yako tutaikalia zamu, tukianza na Jumanne.