Nyayo za Panya na Harusi ya Kesho Kutwa

Kwenye boti ya kutoka kisiwani kwetu, Mzee Tamahou alikuwa anamwonyesha mama mmoja kadi yenye nyayo za panya. Kaitoa kwenye kiboksi cha wino cha kunasia nyayo, kilichowekwa nyuma ya nyumba yake kwa sababu kisiwa chetu hakina panya. "Ukiwapa walinzi wa ndege wa porini watafunga kisiwa, asiingie mtu," mama akasema. "Na harusi ya binti yako huko kesho kutwa?" "Itasubiri." "Una wazimu, mzee! Itupe baharini. Panya mmoja tu!" "Akiwa na mimba je? Ndege wetu, tieke, watabaki manyoya." "Basi hao tieke ndio wakuite baba!"

Mimi ningeitupa, sisemi uongo.

Boti ikafika bara. Bibi harusi alikuwa gatini na mizigo, anacheka, anampungia baba yake. Mzee akashuka, akamwendea kwanza mlinzi wa ndege aliyekuwa kando ya gati, kadi mkononi.