Matairi Chini ya Kitanda

Asalaam aleikum, na wa Bwana Asifiwe nao nawasalimu, maana kikoba chetu kimetuchanganya vizuri. Wakubwa zangu, shikamooni. Mama mwenyekiti kaniambia niseme kwa ufupi. Mnanijua, lakini nitajitahidi.

Mimi ni fundi mwashi. Kazi nilifundishwa na marehemu baba, hapa hapa Ngamiani, nikichekwa kwa kupanda jukwaa la ujenzi na mtandio kichwani. Nikakua, nikasajili kampuni, nikapata kazi ya serikali: kujenga zahanati Kigombe. Nilipika pilau nikagawia mtaa mzima. Ndugu zangu, nawaambia, sifa ni tamu kuliko halua. Kabla zahanati haijafika linta, pale juu ya madirisha, nikachukua kazi ya madarasa Muheza. Halafu vyoo vya shule nyingine huko huko.

Na mafundi? Wale wale. Na mashine ya zege? Moja, ile ya matairi mawili inayofungwa nyuma ya gari. Nikisikia mhandisi wa halmashauri anakwenda Kigombe, naiwahisha Kigombe, inanguruma, mhandisi anaridhika. Akigeuza gari tu, sisi haoo Muheza. Watu wa Kigombe wakaipa jina Bi Harusi: inakuja, inatazamwa, inaondoka zake.

Onyo la kwanza likaja, nikaomba radhi, nikaongezewa muda. La pili, nikasingizia mvua. Chekeni tu. Mvua yenyewe haikulowesha hata ukili wa mkeka.

Sasa kule Kigombe kuna mama mmoja, ndiye kiongozi wa kamati ya ujenzi. Binti yake alikuwa mjamzito, na zahanati yangu ilikuwa kuta bila paa. Siku ya ukaguzi, mhandisi akitazama, yule mama akafunga kipande cha leso nyekundu kwenye mashine. Nikadhani ni heshima! Wallahi nilimshukuru. Asubuhi yake mhandisi akatokea Muheza bila taarifa, akaikuta mashine inazunguka na leso ile ile inapepea. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Dada, huyu Bi Harusi ana waume wangapi?" Mafundi wangu wenyewe wakacheka.

Mshika mbili moja humponyoka. Mimi nilishika tatu, zikaponyoka zote. Mikataba ikavunjwa, na siwezi kusema nilionewa. Nikajifungia ndani. Nikipita sokoni nasikia, "Bi Harusi huyo!" Kilichoniuma hasa ni jina la baba. Fundi ambaye watu wanaogopa kumpa hata ukuta wa choo si fundi tena.

Halmashauri ikaiachia kamati ya kijiji imalizie zahanati kwa mafundi wa kukodi. Mume wangu akaniambia, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwiko si unao? Nenda kaombe kazi." Nikasema watanifukuza. "Basi utarudi, nyumba ipo."

Nikaenda Kigombe. Nikamkuta yule mama anakuna nazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akaendelea kukuna.

"Nimekuja kuomba nimalizie kazi yangu. Nilipeni kama fundi mwingine yeyote, mashine naileta bure."

"Italala hapa?"

"Italala."

"Mwanzo ulisema hivyo hivyo. Lete spana."

Jamani, alinifungulisha matairi yote mawili mbele ya kamati, akayatia mvunguni mwa kitanda chake! Mashine ikakalishwa juu ya matofali. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Nilikuwa nimepewa kazi.

Nikahamia Kigombe. Tangu nipate kampuni, ndiyo mara ya kwanza nilijua kila tofali limekaa vipi. Tulipopiga bati la mwisho, vigelegele hivyo! Nikaenda kudai matairi yangu. Yule mama akasema, "Yako mvunguni," na wanawake wote wakaitikia, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame!" Nikainama, ndugu zangu. Nilipiga magoti kabisa, nikatoka na utando wa buibui kwenye mtandio na tairi kila mkono, kicheko nyumba nzima.

Binti yake alikuwa amekwisha kujifungua, mbali, kwa taabu. Hilo siwezi kulirudisha, na nilimwomba radhi. Lakini chanjo iliyofuata yule mtoto alichomwa pale pale, ndani ya kuta zangu, na kilio chake nilikisikia kwa furaha, Mungu anisamehe.

Namshukuru mume wangu. Namshukuru yule mama, ambaye sasa ananiita mwanangu na kunituma nimnunulie ukwaju. Nanyi wanakikoba, hamkunicheka usoni. Hata mhandisi namshukuru. Angenionea huruma mara ya tatu, mpaka leo ningekuwa barabarani na ile mashine. Ninachowaachia ni hiki: ukiona kazi ya pili inakuita, kwanza itazame ya kwanza kama ina paa.

Mimi sasa nimerudi, kama fundi wa kukodi, kwenye vyoo vya ile shule ya Muheza nilivyoviacha njiani. Siku ya kwanza nilichukua spana, nikafungua matairi ya mashine, nikabisha hodi kwa mama wa nyumba ya jirani, hata jina lake nilikuwa silijui. Hivi ninavyozungumza, matairi yako chini ya kitanda chake. Wala hakuniomba, nilimpelekea mwenyewe.