Bi. Chausiku, Kamati ya Rangi na Shuka la Bluu

Tarehe 31 Desemba 1998, Bi. Chausiku Mwinjuma, mpiga chapa wa Shule ya Sekondari Mkorosho Mmoja, Temeke, atastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa. Katika muda huo wamepita wakuu wa shule sita, taipureta tatu, na mkorosho wenyewe, ambao uliangushwa na mvua za mwaka 1979. Yeye hakuanguka wala hakuhamishwa.

Kwa desturi wasifu wa mstaafu katika programu ya sherehe ya kumuaga huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Safari hii kazi imepewa Klabu ya Gazeti ya wanafunzi kwa ombi la Bi. Chausiku mwenyewe. Alisema wanafunzi ndio waliobeba maji, basi na waandike wao. Wasomaji wageni wavumilie kidogo, habari ya maji inakuja.

Bi. Chausiku alizaliwa Kisarawe mwaka 1943. Alisoma hadi darasa la nane, akajifunza kupiga chapa mjini, na tarehe 5 Januari 1970 akaripoti hapa. Shule ilikuwa na madarasa matatu na ofisi moja ambayo pia ilikuwa ghala la majembe. Alipewa meza, kiti kisicho na mgongo, na taipureta yenye utepe wa rangi mbili, nyeusi juu na nyekundu chini. Nyeusi aliitumia kwa kila kitu. Nyekundu aliitumia kwa jambo moja tu katika ukurasa, lile lililo kubwa kuliko yote. Mwalimu akimletea ukurasa wenye mambo mawili ya kupigwa wino mwekundu, alimrudishia akachague.

Mitihani yote ya ndani ya miaka hiyo aliipiga yeye kwenye stensili za kurudufishia, na haukuvuja hata mmoja. Si kwamba hatukujaribu. Wapo waliojipitisha dirishani pake kwa adabu ya ghafla: "Shikamoo, Bi. Chau. Eti lile swali la ramani limetoka?" Naye hujibu bila kuinua macho: "Marahaba, mwanangu. Kasome kitabu kizima, halafu uje uniambie mie lipi limetoka."

Sifa yake kubwa zaidi ni ufupi. Mkuu wa shule wa tatu aliwahi kumwandikia afisa elimu barua ya kurasa nne kuomba chaki, ikianza na historia ya elimu nchini. Bi. Chausiku aliipiga kwa mistari mitatu. Chaki zilikuja wiki ileile, na Mkuu akajisifu kwenye kikao kwamba kalamu yake ina nguvu.

Sasa maji. Shule yetu ina bomba, lakini kwa miaka mingi bomba hilo lilitoa hewa tu. Kwa hiyo kila Jumatatu kila mwanafunzi alikuja na dumu la lita kumi kwa ajili ya vyoo, maabara na jiko. Asiye na dumu alirudishwa nyumbani. Mwaka 1995 msichana wa kidato cha kwanza aliteleza mtaroni karibu na lango, dumu likamvuta, akateguka bega. Bi. Chausiku ndiye aliyempeleka zahanati na ndiye aliyepiga chapa taarifa ya tukio. Mwishoni mwa taarifa aliongeza mstari ambao hakuagizwa na mtu, kwa wino mwekundu: "Shule hii inahitaji kisima." Siku hiyo aliwaambia walimu kwamba hataki kustaafu akiwaacha watoto wa watu na madumu kichwani. Yeye mwenyewe alikuwa akija kila siku na kidumu cha lita tano kutoka nyumbani kwake Tandika, cha chai ya ofisi.

Mwaka uliofuata likatokea shirika la wafadhili lililokuwa tayari kusikiliza maombi ya shule. Bi. Chausiku aliandika barua ya kuomba kisima, mistari mitano. Barua ikapelekwa kwenye kamati ya walimu. Mwalimu Mashaka wa Jiografia akaongeza nyavu za magoli. Mwalimu Albano wa Hisabati akaongeza mashine ya kurudufu. Mwalimu Filomena wa Biolojia akaongeza darubini na mbuzi wa maziwa. Mkuu wetu, Mwalimu Revelian, akaongeza uzio, basi la shule na tarumbeta kumi na mbili. Kisima kikawa namba saba, kati ya mbuzi na tarumbeta. Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu: shirika lilishukuru, na likasema halikuelewa shule inahitaji nini.

Bi. Chausiku aliiweka barua hiyo chini ya taipureta. Kila alipoinua mashine kufuta vumbi, aliiona.

Mapema mwaka huu mzazi mmoja anayefanya kazi bandarini alitupatia kompyuta iliyokwisha kutumika pamoja na printa yake. Walimu waliizunguka siku nzima kama mgonjwa. Bi. Chausiku ndiye aliyejifunza kuitumia, kwa wiki mbili. Aligonga vitufe kwa nguvu za taipureta hata skrini ikatikisika, na kila alipofika mwisho wa mstari mkono wake wa kushoto ulipapasa hewani kutafuta kile kishikio cha taipureta cha kurudi mwanzo wa mstari. Wakati huohuo ikaja habari kwamba shirika lilelile litatutembelea Alhamisi ya tarehe 28 Mei, na kwamba kila shule ieleze haja yake kwa slaidi, zitakazoonyeshwa kwa projekta watakayokuja nayo. Huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho kazini. Nafasi nyingine isingekuja.

Aliandika kurasa sita, kila moja isiyozidi mistari mitatu, zote zikihusu kisima. Kisha akaiita kamati. Kompyuta ilikuwa na kurasa nyingi zilizokwisha kupambwa, kila moja na rangi zake, na mtu huchagua pambo moja likaenea katika slaidi zote. Bi. Chausiku alifungua ya kwanza, akawauliza jambo moja tu: "Walimu wangu, tupambe kwa rangi ipi?"

Kikao cha kwanza kilianza saa nane mchana. Pambo la kwanza lilikuwa la kijani na njano.

"Zuri," alisema Mwalimu Albano.

"Zuri kwako wewe shabiki wa Yanga," alisema Mwalimu Mashaka. "Tunaomba kisima au tunashangilia timu yako Jangwani?"

"Halafu ni rangi za chama tawala," aliongeza Mkuu. "Zama hizi za vyama vingi tutaambiwa tunapiga kampeni kazini. Lete jingine, mama."

Jingine lilikuwa jekundu lenye mistari myeupe. Mwalimu Mashaka, shabiki wa Simba, alikaa vizuri kitini. Mwalimu Albano aliinuka.

"Hiyo Simba mie siisomi. Wageni waje wenyewe wasome."

Ikajaribiwa njano peke yake. Mwalimu Mashaka akasema nusu ya Yanga ni Yanga. Ikapendekezwa nyeupe tupu, na Mwalimu Albano, kwa kutumia hesabu ileile, akathibitisha kuwa nusu ya Simba nayo ni Simba. Zambarau ilikubalika kwa dakika nne, mpaka Mwalimu Filomena alipokumbuka kwamba ndiyo rangi ya Kwaresima. "Tutawafungisha wageni saumu kabla hawajala," alisema. Waridi ilikataliwa na Mkuu kwa kufanana na ukuta wa saluni. Nyeusi yenye nyota ilikataliwa na wote, kwani ilifanana mno na Temeke siku ya mgao wa umeme.

Kikao cha pili kilikuwa hivyohivyo, lakini kirefu zaidi. Cha tatu kilifanyika siku moja kabla ya wageni, na ndicho kilichopata mwafaka: slaidi ya kwanza iwe nyekundu, ya pili ya kijani, na kuendelea hivyo kwa zamu. Ukazuka ubishi wa nani aanze. Mkuu akarusha sarafu, sarafu ikaingia chini ya kabati. Walimu wawili wenye shahada walilala kifudifudi sakafuni kuitafuta, kila mmoja akimkataza mwenzake asiiguse. Ilipopatikana, nyekundu ilianza. Mwalimu Mashaka akapeana mikono na kila mtu, hata na Bi. Chausiku.

Saa kumi na moja jioni Bi. Chausiku aliweka kwenye printa karatasi za plastiki angavu za projekta na kubonyeza. Zikatoka sita, moja baada ya nyingine, bila pambo, za rangi moja. Nyeusi.

"Imeharibika?" aliuliza Mwalimu Albano.

"Haijaharibika. Ina wino mweusi tu. Haijui rangi nyingine tangu izaliwe."

"Bi. Chau! Ulijua?" Mwalimu Mashaka bado alikuwa na vumbi la sakafuni kifuani.

"Niliifungua mwenyewe siku ilipoletwa, mwanangu. Nyie hamkuniuliza."

Mkuu alizitazama zile karatasi, ndipo, kwa mara ya kwanza katika vikao vitatu, akaona kwamba zilikuwa na maneno. "Na haya maneno nani ameyapitia?" aliuliza. Mfukoni alikuwa na orodha yake, yenye uzio, basi na tarumbeta. "Kuna mambo nilitaka tuongeze."

"Mie nimeyapitia, Mkuu. Muda wa kuongeza umekwisha, tumeutumia kwenye rangi," alijibu, akifunika printa kwa kitambaa chake cha maua. "Wageni saa tatu."

Asubuhi ya Alhamisi umeme ulikuwapo, jambo lililowashangaza wenyeji kuliko wageni. Ikaonekana hakuna pa kuonyeshea, kwa kuwa ukuta wa bwalo umepakwa rangi ya ugoro. Bi. Chausiku, ambaye hasahau kitu, alitoa kwenye mkoba wake shuka kutoka nyumbani, na Mwalimu Mashaka na Mwalimu Albano wakapanda juu ya madawati kulitundika. Lilikuwa la bluu, bluu nyepesi ya maji ya kina kifupi. Taa ya projekta ilipowashwa, maneno meusi yalikaa juu ya bluu ile kana kwamba yameandikwa juu ya maji. Hakukuwa na Simba wala Yanga. Walimu wawili walitazamana kutoka juu ya madawati na wakashuka. Bi. Chausiku anashikilia mpaka leo kwamba shuka jeupe lilikuwa limefuliwa halijakauka, ndiyo sababu akachukua hilo. Mimi mwandishi nimemuuliza mara tatu, na mara zote tatu alinipa jibu hilo, kisha akanipa kazi ya kufanya.

Slaidi ya kwanza ilisema shule ina wanafunzi mia sita na arobaini. Ya pili ilisema kila Jumatatu wanabeba maji. Ya tatu ilieleza bega la yule msichana. Ya sita ilikuwa na maneno manne: "Shule hii inahitaji kisima." Chini ya hayo alikuwa amepiga mstari kwa rangi ya kucha, nyekundu, jambo moja katika ukurasa.

Kiongozi wa wageni, mama wa makamo mwenye miwani, alimgeukia Mkuu. "Mwalimu, kitu kimoja tu? Hakuna kingine?"

Bwalo zima liliuona mkono wa Mkuu ukielekea mfukoni. Sisi wa kidato cha tatu tulioketi nyuma tuliacha kupumua. Mkono uliingia. Karatasi ilisikika ikikunjuka. Hapo Bi. Chausiku akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Ni kile ambacho wakuu wa shule sita wamekisikia kila walipokaribia kutia sahihi barua yenye kosa.

Mkono ulitoka ukiwa na leso. Mkuu alijifuta paji la uso. "Kimoja tu, mama," alisema. "Maji."

Wachimbaji walikuja Septemba. Maji yalitoka Ijumaa ya tarehe 9 Oktoba, na Jumatatu iliyofuata ilikuwa ya kwanza bila madumu. Bi. Chausiku alikuja mapema, akasimama langoni kutuona tukiingia mikono mitupu. Kwa mazoea karibu wanafunzi ishirini walikuja na madumu yao, wakaona haya na kuyaficha kwenye majani. Aliwacheka sana mpaka Mwalimu Filomena alipomwonyesha mkono wake mwenyewe. Alikuwa amekishika kidumu cha lita tano, kimejaa, kutoka Tandika. Hapo aliumwagia maji hayo mche wa mkorosho uliopandwa kando ya kisima, akaingia ofisini na kufunga mlango. Hatukusikia taipureta kwa muda mrefu.

Mkuu wetu ameniruhusu kuandika habari ya orodha yake, na ameomba iongezwe kwamba yeye ndiye aliyeukata utepe siku ya kufungua kisima. Imeongezwa. Mwalimu Albano na Mwalimu Mashaka wamethibitisha mengine yote, isipokuwa kila mmoja anasema aliyelala sakafuni ni mwenzake.

Neno la mwisho ni la jalada la programu hii. Nilipokwenda kwa Bi. Chausiku na wasifu huu, nikiogopa kwamba kamati ya sherehe ingeukata nusu na kuujaza nyavu za magoli, alinishauri niwapelekee walimu kwanza swali la rangi ya jalada. Wamekutana mara nne. Programu imetoka bila rangi. Wasifu haukuguswa hata nukta.

Bi. Chausiku, asante kwa mitihani isiyovuja, kwa barua fupi na kwa kikohozi kile. Mungu akupe siku nyingi zenye afya, wajukuu wenye adabu, na maji karibu na mlango wako kama ulivyoyaleta karibu na wetu. Nenda ukapumzike Tandika kwa amani. Jumatatu ijayo, tafadhali, kidumu ukiache nyumbani.

Salma Suleiman, Kidato cha Tatu B
Kwa niaba ya Klabu ya Gazeti, 4 Desemba 1998