Ukurasa Uliogoma Kufunguka Kambini

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu wa migodi, pamoja na wakuu wa idara mliokubali kubanana nasi katika chumba hiki: karibuni sana. Kiti ulichokalia, Mkurugenzi, ndicho pekee chenye mgongo mzima.

TULIKOTOKA

Sisi ni wajaribu tovuti watano. Tunafungua tovuti kwenye kompyuta na simu za kila aina, tuone inagoma wapi kabla haijazinduliwa. Mwaka jana ulitukabidhi tovuti ya familia, ili wafanyakazi wa kambi ya mbali waone picha za watu wao. Bajeti ilitosha kompyuta mbili. Nyingine tuliazima: ya mwenye studio ya picha, ya shemeji wa katibu wetu, na simu za majirani.

CHANGAMOTO

Kambini kuna kompyuta moja tu, ya zamani mno, na ya aina hiyo hatukuipata popote. Ikabidi mwenzetu, Mama Pacha, ampigie mumewe, mchimbaji aliye huko mwaka wa tatu sasa, awe macho yetu.

"Unaona nini, baba?"

"Weupe mtupu."

"Hebu shuka chini kidogo."

"Nimeshuka, mke wangu. Weupe tu."

Ikawa hivyo Jumapili tisa: sisi tunarekebisha, yeye anapanga foleni kuifikia ile kompyuta. Maswali ya kazi yakiisha, Mama Pacha hubaki ameshika simu, hakati.

MAFANIKIO

Jumapili ya kumi picha ikafunguka. Ilikuwa ya watoto wao. Mumewe akauliza, "Na huyu msichana mrefu aliyewashika pacha mabega ni nani?"

"Ni binti yako, baba. Kifungua mimba wako."

Tulikuwa tumejiandaa kushangilia. Hakuna aliyeweza. Mama Pacha alitoka nje kunawa uso.

MAOMBI

Tunaomba kompyuta moja kama ile ya kambini, hata kama imechakaa.

Ombi la pili Mama Pacha alitusihi tusilisome. Atatusamehe. Likizo ya mumewe imeahirishwa mara mbili, na barua yake ya tatu ya kuiomba iko mezani kwako. Tunaomba uisome leo.

Mungu akufikishe nyumbani salama jioni hii, uwakute watoto wako hawajalala.

Ni sisi,
Kikundi cha Wajaribu Tovuti, Chumba cha Nyuma.