Mawingu ya Hilari Odera

Mchungaji wetu, wazee wa ukoo, jirani zetu wa Makindye, mafundi wa mihuri na kadi mliofunga maduka yenu leo, na ninyi mliokalishwa juani kwa sababu turubai tuliloletewa ni dogo kuliko tulilokubaliana, mimi naitwa Sifuna, kaka yake mjane, yaani shemeji wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu, kama ilivyosemwa kwenye kikao, mimi ndiye ninayesikia tofauti ya l na r. Pale langoni mmepewa kadi, mkaona ni nyeupe, hazina ua wala njiwa, ni maneno tu, na wengine mmenong'onezana kwamba nyumba ya mpaka rangi imeishiwa rangi, basi nawaomba mtulie nazo, msijipepee nazo, kwa sababu habari ya weupe huo ndiyo habari yenyewe, nami nitaifikia.

Marehemu Hilari Odera alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Agosti 1964, Mengo, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Obonyo, fundi umeme aliyetoka Ugenya nchini Kenya kutafuta kazi Kampala na asirudi, akabatizwa mwaka uleule kwa jina la Hilari, na inaaminika kwamba siku ile ya ubatizo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwa jina hilo kutamkwa sawasawa.

Alianza shule ya msingi hapohapo Mengo Januari 1971, na alipokuwa darasa la pili mwalimu wa Luganda akamfundisha kanuni iliyokuja kutawala maisha yake, kwamba baada ya i na e unaandika r, na kwingine kote unaandika l, kanuni ambayo kwa Luganda haina dosari yoyote, ila marehemu aliipenda kupita kiasi, akatoka nayo nje ya Luganda bila ruhusa ya mtu, akaitumia kwenye Kiswahili, kwenye Kijaluo na kwenye jina lake mwenyewe, ambalo tangu hapo aliliandika Hirali. Alimaliza masomo ya sekondari mwaka 1981 akiwa na alama nzuri katika uchoraji, na kuhusu alama zake za lugha familia imeniomba niendelee mbele.

Vita vilipokwisha mwaka 1986 na ofisi zikafunguliwa upya, kila mwenye meza mjini alitaka muhuri, na mwezi Juni mwaka huo marehemu aliajiriwa na Mzee Marjan, Mnubi aliyekuwa na kibanda cha mihuri karibu na soko, ambaye alichonga kwa wembe kwenye raba za soli za viatu, herufi zikiwa kinyumenyume, na ambaye aligundua upesi kwamba kijana huyu ana mkono wa dhahabu na sikio la bati. Mzee Marjan hakumfukuza, alimwita pembeni akamwambia, "Wewe, mwanangu, chonga maua tu, maua hayana herufi," na ndivyo marehemu alivyoingia kwenye kadi, akichonga waridi, njiwa, pete mbili na mkungu wa ndizi, akivipiga kwenye karatasi ngumu na kuvipaka rangi petali kwa petali kwa ncha ya kijiti cha kiberiti kilichofungwa pamba. Lakini kadi hata iwe na maua mangapi lazima iseme kitu, na wateja walipoanza kutaka maneno, mambo yakaharibika.

Jumamosi, tarehe 20 Aprili 1991, rafiki wa dada yangu, bibi Nafuna, aliolewa na mchinjaji mmoja wa Makindye, na kadi za mwaliko zilitoka mkononi kwa marehemu, zikiwa na njiwa wawili wazuri sana na maneno yaliyosema, "Kalibuni nyote kwenye kalamu ya halusi." Sisi Wakenya wa hapa tunakiheshimu Kiswahili, tukishaandikiwa kitu tunakifuata, kwa hiyo tulikaa kikao, tukaamua kwamba huenda bwana harusi ana shule anayoifadhili kimyakimya, na kila mmoja akaenda na kalamu. Meza ya zawadi ilijaa kalamu kutoka ukingo hadi ukingo, mchinjaji akawa anazitazama kama mtu aliyeletewa mashtaka, na mimi nilikuwa nimenunua kalamu ya wino yenye kasha lake na kitambaa chekundu ndani, ambayo hadi leo sijui inamwandikia nani.

Jumatatu yake dada yangu Dolphine Nakhisa, aliyekuwa ndiye mwenyekiti wa kikao cha kalamu, alikwenda kibandani kwa Mzee Marjan akiwa na kadi mkononi na hasira kifuani, akamkuta marehemu, akamuuliza ni nini hiki, na marehemu akaisoma kadi yake polepole, hakuona kosa, akamjibu kwa upole, akimwita bibi kwa Luganda, "Lakini nyabo, hiyo kalamu si ya kuandika, hiyo ni ya kula." Dada yangu alikuja kutusimulia nyumbani akiwa bado amekasirika, ila kila alipofika kwenye jibu lile alicheka mpaka akashindwa kuendelea, na mama yetu, aliyekuwa akichambua mboga, akasema huyu ameshaolewa.

Dolphine alianza kupita kibandani kila jioni akitoka kazini kusoma mihuri kabla haijapigwa, na siku moja alichelewa, akakuta kadi za mtihani zimekwisha kupigwa zote zikiwatakia wanafunzi "Kira la heri," karatasi ni za watu na haziwezi kutupwa, ndipo marehemu akachana kipande cha karatasi kwa mkono kikapata ukingo wa mawimbimawimbi, akakilaza juu ya kadi, akachovya kipande cha sponji ya godoro kwenye rangi nyeupe nzito iliyotiwa buluu kidogo, akagonga taratibu pembeni mwa ukingo ule, akakisogeza chini, akagonga tena, na neno lenye kosa likazama ndani ya wingu, kisha juu ya wingu akapiga neno jipya alilosomewa na Dolphine herufi moja moja. Hilo lilikuwa wingu la kwanza, na wiki iliyofuata wateja walikuja kutaka kadi zenye mawingu, hata zile zisizo na kosa, na jina lake likavuma.

Ndugu waombolezaji, mafundi mliopo hapa mmeiga ufundi wa marehemu kwa miaka mingi, leo sina budi kuwaambia mlichokuwa mkikiiga. Ile mvua aliyoirusha kwa mswaki uliochovywa wino, akivuta nywele za mswaki huo kwa kidole gumba, ilianza kwa "fulaha." Ule mwamba uliopatikana kwa kukunjakunja kaveera, yaani mfuko wa plastiki, na kugonga nao rangi ya udongo ulikuwa kaburi la "shuklani." Ile karatasi ya kizamani iliyolowekwa kwenye chai ya rangi ili ionekane imetoka enzi za mababu ililowekwa kwa sababu "famiria" ilikuwa na wino hafifu, naye alitumaini chai ingeimaliza. Alikuwa na msemo wake kwamba unaanza na rangi nyepesi, unakwenda kwenye nzito, ukianza na nzito umekwisha, na wanafunzi wake waliuandika kama hekima ya sanaa, kumbe maana yake ilikuwa kwamba ukiona kosa bado linachungulia, ongeza.

Marehemu alifunga ndoa na Dolphine Nakhisa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1992, Makindye, ndoa ambayo mimi niliipinga kwa sababu ya kalamu yangu, na kadi ya harusi yao aliitengeneza mwenyewe bila kumwonyesha bibi arusi, akitaka kumshtua kwa furaha, na alimshtua, kwa maana ilipofika ilikuwa ni machweo ya rangi ya chungwa kutoka kona hadi kona, makosa yakiwa yamefunikwa yote pamoja na tarehe, hata baadhi ya wageni wakafika Jumapili wakiwa wamevaa vizuri. Dolphine aliitazama sana kadi ile, na mbele yangu, maana nilikuwepo, akamwambia, "Hirali, mawingu yako nayapenda, lakini siku moja, kabla hatujafa, nipe kadi moja nyeupe, isiyoficha kitu," na marehemu akaweka mkono juu ya kichwa chake mwenyewe akaapa kwamba atampa.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Akoth, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1994, na Obonyo, aliyepewa jina la babu yake, aliyezaliwa tarehe 17 Novemba 1997, na watoto hao walikua wakimwona baba yao kila sikukuu ya ndoa akijifungia na karatasi nyeupe, akisema mwaka huu ndio wenyewe, kisha anatoka ameinamisha kichwa na kadi yenye mbingu nzima juu yake, kwa sababu alitaka lazima neno "milele" liwemo, na kwa kanuni yake neno hilo lilikuwa na hatari mbili. Hakuwa mzembe, hilo lisemwe leo mbele za watu, nimemkuta mara nyingi amekaa jikoni akimwomba mkewe amtamkie "kura" na "kula," akitazama midomo yake kwa bidii, akimwomba arudie, halafu anatabasamu na kusema anasikia kitu kimoja, lakini kitu hicho ni kizuri.

Mwaka 2001, mtaa wetu ulipokuwa ukichagua mwenyekiti, Koplo mstaafu Otim, ambaye yupo hapa na amekaa kivulini, aliagiza kadi za kampeni kwa Kiswahili, maana sisi tunaokaa karibu na kambi ya jeshi tumechanganyika na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha, na kwa bahati mbaya Dolphine alikuwa amesafiri kwenda msibani Kitale, basi zikatoka kadi za kijani kibichi, zenye mistari iliyopigwa kwa ganda kavu la mgomba, zikisema kwa herufi kubwa, "KULA KWA OTIM." Watu ni wastaarabu, walifika, wengine na sahani zao, na mama Ayot, mke wa koplo, alipofungua mlango akakuta mitaa mitatu imemjia kula, alimtazama mumewe kwa jicho ambalo koplo husema hakuliona hata vitani, kisha akainjika sufuria kubwa ya maharage. Koplo Otim alishinda kwa kishindo, na marehemu, alipoelezwa kosa, aliuliza kosa liko wapi.

Duka lake mwenyewe alilifungua Ntinda, tarehe 1 Februari 2005, na hapo alifundisha vijana wengi kupaka rangi, kuchanganya rangi na kugonga sponji kwa mkono mwepesi, lakini muhuri wa maneno ulipelekwa kwanza kwa Dolphine, na fundi aliyeupiga kabla haujasomwa alifagia duka juma zima.

Mwaka 2018 miguu ilianza kuvimba, pumzi ikawa fupi, madaktari wakasema ni moyo, na Januari 2019 akalazwa, na huko wodini alihudumiwa na muuguzi Julienne, Mkongomani mwenye Kiswahili safi, ambaye ametusimulia yanayofuata. Marehemu aliomba kifutio cha shule na wembe, akanyimwa wembe, akaendelea kuomba kwa siku nyingi mpaka Julienne akakubali kumletea na kukaa naye huku akichonga, kisha kuondoka nao. Kwanza alitaka kuchonga "Lala salama," akasita, akataka "Kwaheri mke wangu wa milele," akaitazama "milele" kama adui wa zamani na kuiacha, akalala siku mbili akisema maneno mdomoni bila sauti, hatimaye akamwita Julienne, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Sista, nimelipata neno, humu hawana pa kunikamatia." Alichonga herufi moja, mbili kwa siku, akaufunga muhuri kwenye bandeji na kuagiza apewe Dolphine, lakini baada ya yeye kuondoka duniani, na Jumanne, tarehe 12 Machi 2019, saa kumi na moja alfajiri, akafariki dunia, akiacha mjane, watoto wawili na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari wote waliomhudumia na muuguzi Julienne aliyehatarisha kazi yake kwa wembe, inawashukuru jirani wa Makindye, hasa mama Ayot ambaye amewapikia tena maharage watu ambao hakuwaalika, inawashukuru watoto wa Mzee Marjan walioleta raba ya kwanza aliyoichonga marehemu, na mafundi wa Ntinda, ambao naona sasa wanafuta macho kwa mikono yenye rangi na itabidi wanawe kabla ya chakula.

Sasa zitazameni kadi zenu. Dolphine alifungua ile bandeji juzi, akaupiga muhuri kwenye karatasi nyeupe, nasi tukaona kwamba mstari wa juu hauna l hata moja wala r hata moja, upo sawasawa, umenyooka, haukuhitaji mtu wa kuusoma. Chini yake, kwa herufi ndogo, alikuwa ameweka jina lake. Wazee wa ukoo walisema jina lazima liwe kama lilivyo kanisani, ikazuka mabishano makali, na Akoth, binti wa baba yake, akawa ameshachana karatasi na kuchovya sponji ili alifunike, ndipo mama yake akaichukua ile sponji mkononi mwake, akasema, "Hapo msipake wingu, huyo Hilari wenu mimi simjui, mimi niliolewa na huyu." Kisha akalia, nasi sote tukalia, na mimi zaidi, kwa sababu nilimpenda.

Basi mimi Sifuna, ninayesikia tofauti, nasoma kama ilivyoandikwa. Pumzika kwa amani, Hirali.