Mkono Mwepesi na Meno Matatu Mazima

Marehemu, aliyejulikana na wengi kama Mkono Mwepesi, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1948, kitinda mimba wa fundi saa. Alisoma shule ya msingi jirani na kwao, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1973 akahitimu chuo cha tiba ya meno.

Kwa zaidi ya miaka thelathini aling'oa meno katika chumba kimoja juu ya duka la rangi. Wagonjwa walipanda ngazi wakilia, wakashuka wakimsifu. Maringo alikuwa nayo, tusimfichie. "Jino halinidanganyi mimi," alizoea kusema.

Alifunga ndoa na mkewe, mwalimu wa hesabu, tarehe 22 Juni 1976. Mwaka 2003 mkewe alishikwa na maumivu ya shavu, makali kama shoti ya umeme. Hata upepo ukimgusa alipiga yowe. Marehemu akamng'oa gego. Maumivu yakabaki palepale. Akang'oa la pili, halafu la tatu. Mkewe alipolia, alimwambia, "Jikaze, mama watoto. Umezidi kudeka."

Hatimaye dada yake marehemu alimchukua wifi yake akapigwe picha ya kichwa kwa mashine ya MRI, na marehemu akafuata shingo upande. Mpiga picha aliwaonyesha kwenye kioo cha kompyuta mshipa wa damu uliolalia neva ya uso, ukiigonga kila moyo unapodunda.

"Na meno?" marehemu aliuliza.

"Meno hayana kosa, daktari. Hayajawahi kuwa nalo."

Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mkewe alipasuliwa, akapona. Marehemu ndiye hakupona. Tangu hapo kila mwenye maumivu ya uso alimtuma kwanza akapigwe picha, na nyumbani alikula jikoni, amesimama, asimwone mkewe akitafuna kwa upande mmoja. Aliona haya, haya kubwa, miaka nenda miaka rudi.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, na mwaka huu akashindwa kusimama. Mkewe akaja na mabakuli mawili ya supu, akaketi mbele yake kitandani.

"Nitazame, baba watoto. Meno nilikusamehe siku ileile. Kilichoniuma ni kula peke yangu."

Alimtazama akila, machozi yakimtoka, mpaka bakuli likaisha. Aliaga dunia siku mbili baadaye, alfajiri ya tarehe 3 Februari.

Ameacha mjane, dada, watoto watatu na wajukuu saba. Apumzike kwa amani, na aibu yake tuifukie papa hapa.