Kijiko cha Kwanza

Leo kwenye basi la Yangon, mbele yangu waliketi wanawake wawili, mtu na shoga yake, waliotoka kula mgahawani na wenzao. Mmoja, Daw Nyo Sein, hakutulia kitini. "Ohn Tin, kwa nini kijiko cha kwanza cha mchuzi ulinipakulia mimi?"

"Shoga, si mkubwa mezani ndiye anayeanza? Nimekuheshimu."

"Heshima gani hiyo? U Kyin Maung nilimwambia mimi mdogo kwake. Mwanamume kafiwa na mkewe, ndiyo kwanza ameanza kunitazama, wewe unamruka unanipakulia mimi."

Kitendawili, wajukuu zangu: kila mwaka kinaongezeka, mwenyewe anakipunguza. Ni umri. Wangu siutaji.

"Lakini si alikuchambulia samaki, akatoa miiba yote?" akasema Ohn Tin. "Huyo kashapenda."

Daw Nyo Sein akafungua mkoba, akaufunga tena bila kutoa kitu. "Ndivyo anavyomfanyia mama yake."

"Mama yake hamtazami vile."

"Vile vipi?"

Basi likasimama. Wakashuka, Daw Nyo Sein akimvuta mwenzake mkono, "Vile vipi, nimekuuliza," na mlango ukafungwa kabla sijasikia jibu.